Sauti Yenye Shanga

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la stoo ya kigango chetu, Lodwar, mbele ya mwanamume aliyeshika bisibisi. Baadhi yenu mmeniandikia kwamba mwanamke mzima hapigi magoti mbele ya mnunuzi. Mmesema kweli. Lakini nyinyi mna picha za mama zenu.

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Namuria, mfagiaji wa kanisa na mwanafunzi wa darasa la jioni. Mama yangu alifariki nikiwa bado mtoto mdogo. Hakuacha picha, wala nguo, wala kaburi lenye jina.

Zamani padre mmoja mzungu alileta kwetu kinanda cha ajabu. Ndani yake hamna nyuzi wala filimbi. Mna kanda, kama za kaseti ila pana zaidi, ukanda mmoja chini ya kila kibonyezo. Ukibonyeza, ukanda unavutwa na sauti iliyorekodiwa inatoka. Ukiachia, unarudi mahali pake. Sauti haidumu. Inakaa kadiri ya pumzi moja, kisha kimya, kwa sababu ukanda umeisha.

Padre yule hakutaka sauti za Ulaya. Aliwakusanya waimbaji wa kigango, akamrekodi kila mmoja sauti yake moja tu, akazipeleka kwao zikatengenezwa kanda. Mama yangu alikuwa kati yao. Padre akafa, kinanda kikafunikwa turubai, panya wakakifanya barabara.

Ndipo fundi mmoja wa Kakuma, Deng Yak, alipokifufua. Nami nikabonyeza kibonyezo kimoja nikasikia, kabla ya sauti, shanga. Mwanamke anavuta pumzi na shanga za shingoni mwake zinagongana. Mimi kumbukumbu yangu ya mama ni moja peke yake: shanga zake, baridi, zikinigusa paji la uso. Nikajua ni yeye. Tangu siku ile rozari yangu ya jioni niliisali pale, karibu na kinanda, baada ya kufagia.

Kisha kamati ikaamua kukiuza, ili kanisa lipate bati jipya.

Sasa tuendelee.

"Simama, mama," alisema yule mwanamume. Jina lake sitaliandika. Nitamwita Mkusanyaji, maana ndivyo alivyojiita mwenyewe. Ni mtu wa Nairobi, mpole, viatu vyake safi hata baada ya kukanyaga mchanga wetu. "Unataka nini hasa?"

"Kanda," nikasema. "Nasikia nyinyi mnaonunua hivi vinanda hutupa kanda zisizo za kiwandani."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa Barnabé."

Barnabé ni seremala Mkongomani wa kule kambini Kakuma, yeye ndiye aliyemleta. Aliinamisha kichwa akaanza kukagua kucha zake.

Niwaambie ukweli. Nilikuwa nimefanya novena nzima, siku tisa, nikimwomba Mungu kitu kimoja: mtu huyu akija, azidharau kanda zetu. Azione uchafu. Azitoe, azitupe, na mimi niokote.

Mkusanyaji akacheka, lakini si kwa kunidharau.

"Mama, vinanda vya namna hii vilitengenezwa vichache, na vingi vimeshakufa. Kimoja kimeliwa na unyevu, kingine kimetupwa na watoto wa marehemu. Vilivyobaki vyote vinaimba sauti zilezile. Ninavyo nyumbani. Ukivisikia utadhani ni mapacha. Hiki peke yake ndicho chenye watu wa Turkana ndani. Nisingepanda ndege kufuata mbao."

Basi nilichoomba kidharauliwe ndicho alichokifuata. Nilimtazama Kristo wa msalaba pale ukutani.

"Utakuwa ukikipiga?" nikauliza.

"Hapana. Kila unapobonyeza, ukanda unakwanguka kidogo. Nina chumba cha baridi, chenye pazia zito. Kitakaa humo."

"Na hao watu walio ndani, nani atawasikia?"

"Hawatasikika, mama. Watahifadhiwa."

Adome, mwenyekiti wetu wa kigango, alikuwa amekaa juu ya gunia la saruji. Uvumilivu ulimwisha.

"Namuria, wacha maneno mingi. Hii kitu imekaa hapa miaka yote, hakuna mtu aliuliza. Sasa imepata mwenyewe, wewe ndio unakumbuka mama."

"Mwenyekiti, si wewe uliniambia aliimba humu?"

"Niliambia wewe aliimba. Sikuambia wewe uolewe na kinanda."

Wanakamati waliokuwa mlangoni walicheka. Hata Barnabé alicheka. Mimi niliendelea kumwangalia Mkusanyaji, na nikaona yeye hacheki.

"Nilimzika mama yangu mwaka jana," akasema polepole. "Haya. Nitakupa mmoja. Pengo la jino moja naweza kuliziba, mgeni asijue. Yakiwa mawili, watu wataanza kuuliza nani alikipiga ngumi. Umeelewa? Mmoja."

"Mungu akubariki."

"Na usinakili. Wala usirekodi kwa simu ya mtu. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana na kamati yenu pia. Nakala zikianza kutembea kwenye simu, mimi nitakuwa nimenunua nini?"

Nikamwonyesha kibonyezo changu. Hata sikufikiri. Akafungua kifuniko, akachomoa ukanda kwa vidole viwili kama anayetoa mwiba kwa mtoto. Niliuviringisha ndani ya leso safi, nikauweka kwenye mfuko pamoja na rozari.

Nilitoka stoo ile nikiwa mwanamke tajiri kuliko wote Lodwar. Ningeenda nyumbani nikanyamaza, hadithi hii ingeishia hapo, na mngesema Namuria naye kapata chake.

Lakini ukanda bila kinanda ni bubu. Nilitaka kumsikia mama. Na zaidi ya hapo, niseme yote, nilitaka shahidi. Nilitaka mtu mmoja aliyemjua asikie na aseme mbele yangu: ndiye. Mwalimu Reath, anayetufundisha jioni, alikuwa ametupa insha iitwayo "Siku Iliyonifurahisha". Njiani kwenda Kakuma asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeshaianza kichwani.

Kati ya waimbaji wale wa padre, nilijua amebaki mmoja tu aliye hai. Anaitwa Nabei. Anaishi Kakuma mjini na mumewe na mjukuu wake, anayewauzia makaa watu wa kambi. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa makuti, shingo yake imejaa shanga hadi kidevuni. Kwetu bibi huitwa *ata*.

"Ejok, Ata."

"Ejok. Nani huyo?"

Sauti yake ilinishtua. Ilikuwa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Ni Namuria. Binti wa Ekidor."

"Ekidor yule aliyechukuliwa na kipindupindu?"

"Huyohuyo."

"Kabla ya padre."

"Ndiyo, Ata, kabla ya padre."

Leo, ninapoyaandika maneno haya, ndipo ninayaona. Aliniambia mwanzoni kabisa, nami nikaitikia kama mtu anayeitikia salamu.

"Nimekuja kukusikilizisha mama yangu," nikasema.

Akaninyooshea mkono. "Mama yako? Hebu niinue."

Tulikwenda taratibu hadi kwa Deng Yak. Yeye hutengeneza redio kwenye kibanda cha mabati ndani ya kambi, na ukuta wake wote umejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Aliupokea ukanda, akaupitisha kidoleni, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni pana sana. Haiingii kaseti. Lakini kaa, nitavuta na mkono."

Alichukua kile kijichuma kinachosoma kanda, mafundi wanakiita hedi, akakiunganisha na spika kwa nyaya. Akashika ukanda huku na huku, akauvuta juu yake taratibu.

Shanga ziligongana. Kisha sauti ikatoka, inatetemeka kwa sababu mkono si mashine, lakini ni ileile. Aaaa. Kisha kimya.

Machozi yalinitoka. Niligeuka kumwangalia Ata Nabei, nikangoja aseme neno langu.

Alikuwa anatabasamu. Meno yalikuwa yamebaki machache, lakini alitabasamu kwa yote.

"Vuta tena," akamwambia Deng.

Deng akavuta.

"Umemsikia, Ata? Umesikia shanga zake?"

"Nimezisikia. Lakini mama yako hakuwa na shanga."

"Alikuwa nazo. Nazikumbuka kwenye uso wangu."

"Alikuwa nazo baba yako akiwa hai. Baba yako alipokufa akazivua, kama mjane mwingine yeyote. Padre alikuja na mashine yake mwaka uliofuata. Mama yako alisimama pale shingo tupu."



Mimi ni Mturkana. Mjane huvua shanga. Hilo hakuna wa kunifundisha. Na kwamba baba alitangulia kufa kabla ya padre kuja, hilo pia nililijua tangu utoto. Nilikuwa nayajua yote mawili, nimeyaweka sehemu mbili tofauti kama mtu mwenye chumvi nyumba hii na sufuria nyumba ile.

"Padre alituambia wote tuvue," Ata Nabei aliendelea, "kwa sababu mlio wa shanga ulikuwa unaingia kwenye mashine. Wale wasichana wa misheni hawakuwa nazo. Wengine walivua kwa kumwogopa. Mimi nilikataa. Mume wangu yuko hai, amelala nyumbani na tumbo lake limeshiba, nivue kwa nini? Unataka nimtabirie kifo? Padre alinuna, lakini akarekodi."

"Basi huyu ni nani?" nikauliza, na nilikuwa nimeshajua.

"Ni mimi."

"Wallahi," Deng alisema kwa sauti ya chini, akazima spika.

Niliketi juu ya betri kuukuu ya gari. Rozari zangu zote. Jioni zote zile nilizosimama pale na ufagio, nikimweleza mama habari za mtihani, habari za mguu unaonisumbua, nikimwomba aniombee. Nilikuwa nikiongea na mwanamke aliye hai, aliyekaa Kakuma anakunywa chai.

"Usilie," akasema Ata Nabei. "Nipe huo ukanda."

"Ata?"

"Nipe. Ni koo langu. Sikia ninavyoongea sasa. Niliugua kabla mama wa huyu mjukuu wangu hajazaliwa. Watoto wangu wote nimewabembeleza na sauti hii ya fisi. Mjukuu anadhani nilizaliwa hivi. Nikimwambia niliwahi kuimba hadi padre akafumba macho, anacheka, ananiambia, Ata, kunywa dawa."

"Nikikupa huu, wa mama unapotea."

"Wa mama yako uko wapi?"

"Uko ndani ya kinanda. Wamekipeleka kwa Barnabé kutengenezewa sanduku. Ndege inaondoka nacho leo."

Alishika ukuta akainuka mwenyewe, hakunisubiri.

"Mimi ninamjua mama yako ni yupi humo ndani," akasema. "Zamu yake ilipofika nilisimama naye. Alikuwa anatetemeka, nikamshika mkono hadi ukanda ukaisha. Twende."

Karakana ya Barnabé iko sokoni kambini. Tulimkuta anafagia taka za mbao, na katikati kuna sanduku kubwa jipya, limefungwa kila upande. Mkusanyaji alikuwa kando, anakunywa soda.

"Mama, miye nashamaliza kupiga misumari," Barnabé alisema aliponiona. "Usiniambie unataka nifungule."

"Fungua, Barnabé. Nilikosea ukanda."

Mkusanyaji akaweka chupa chini. "Ulikosea vipi? Uliniambia unamjua mama yako kama unavyojua kiganja chako."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana, lakini nilipofika kwa Ata Nabei aliacha kunisikiliza. Alimgeukia yeye.

"Huyu ndiye aliyeimba? Yuko hai?"

"Niko hai hadi sasa," Ata Nabei akamjibu kwa Kiswahili.

Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi namna ile. Alimvutia kiti, akamwagizia soda, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akatoa simu, akampiga picha, akampiga nyingine shanga zikionekana vizuri.

"Mnaelewa jambo hili?" alituambia. "Duniani kote, watu wenye vinanda hivi hawajui nani aliimba ndani yake. Mimi ninaye mwimbaji mwenyewe, na shanga zake zilezile zinasikika." Kisha akanigeukia, na mkono wake ukanyooka. "Mama, ukanda ule naomba urudi. Barnabé, fungua sanduku. Achague mwingine wowote."

"Wowote?" nikauliza.

"Wowote isipokuwa huo."

Niligeukia sanduku. Lakini Ata Nabei aliweka soda chini bila kuionja.

"Namuria," akaniita kwa Kiturkana. "Mwambie huyo mtu, ukanda wangu haurudi. Wangu nautaka mimi. Nikiupata ndipo nitakuonyesha wa mama yako."

Nilitafsiri. Mkusanyaji akatikisa kichwa.

"Nilisema mmoja."

"Mzee, nakuomba. Hawa ni watu, si mbao. Mpe mama huyu wake na mimi wangu, na sisi wote tutakuombea hadi tufe."

"Nami nakuelewa, mama. Lakini leo nikitoa miwili, kesho atakuja mtoto wa aliyeimba wa tatu. Nitafika Nairobi na sanduku tupu."

"Basi mukate katikati," Barnabé alisema, "kama vile mfalme Solomono alisemaka. Kila mama nusu."

Hakuna aliyecheka. Mkusanyaji alijishika kifua kama mtu aliyepigwa.

"Ata," nikasema, "nionyeshe kwanza. Kwa jina la Yesu. Kisha tutajua la kufanya."

"Nikikuonyesha kwanza utauchukua wa mama yako uende zako. Mimi ni mzee, si mjinga."

"Siwezi kukufanyia hivyo."

"Jana tu ulikuwa umenichomoa humo ndani na kunitia mfukoni mwako hata bila kuniuliza kama nipo."

Nilitoka nje. Nyuma ya rundo la mbao nilipiga magoti, mara ya pili kwa siku mbili. Nilisali kwa sauti. Nilimkumbusha Mungu kwamba alimsikia Hana alipolia hekaluni midomo ikicheza bila sauti. Nilimwambia, mimi sikuombi mtoto, nakuomba mama, na simtaki mzima, nataka pumzi yake moja. Nilingoja. Jenereta ya Barnabé ilikuwa inanguruma.

Niliporudi, sanduku lilikuwa limefunguliwa na kinanda kimepewa umeme. Nilikuwa nimepata wazo, na wazo linalokuja baada ya sala mimi huliita jibu.

"Niache nibonyeze vyote," nikamwambia Mkusanyaji. "Mara moja moja. Nitamjua mwenyewe."

Ilimuuma, lakini alikubali. "Mara moja moja. Polepole."

Ata Nabei alivuta leso yake kichwani akajifunika uso mzima, ili macho yake yasinisaidie.

Nikaanza upande wa kushoto. Sauti za wanaume, nzito, mmoja wao anakohoa mwishoni. Mkusanyaji alikuwa akikunja uso kila kidole changu kinaposhuka. Kisha wanawake. Mmoja alianza kwa kuchelewa. Mmoja alikuwa karibu kucheka. Mmoja aliimba kwa hofu, nikasema ndiye. Aliyefuata naye aliimba kwa hofu. Wote walikuwa mbele ya mashine ya mzungu, nani asingeogopa?

Nilingoja mwili wangu uniambie. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba siku nikimsikia mama nitamjua, hata iwe sokoni, hata iwe mbinguni. Kila mwanamke asiye na shanga alikuwa mama. Nikifika kwa anayefuata, yule wa kwanza si mama tena.

Nilifika mwisho wa vibonyezo. Kilichobaki upande wa kulia ni mbao.

"Haya?" Mkusanyaji akauliza.

Simu yake ililia. Alisikiliza, akaikata. "Rubani. Ameshawasili. Mama, amua."

Alinyoosha kiganja chake mbele yangu. Upande ule mwingine, leso ikiwa bado usoni, Ata Nabei naye alinyoosha cha kwake. Ukanda wenye shanga ulikuwa mkononi mwangu, umelowa jasho.

Nikimpa Ata Nabei, angenionyesha mama yangu, nami ningemtazama akipigiliwa misumari apelekwe kwenye chumba cha baridi asisikike tena na mtu. Nikimpa Mkusanyaji, ningeondoka na mmoja, na Mungu angeniongoza kidole. Nilijiambia hivyo: Mungu ataongoza kidole. Hakunileta kote huku aniache hapa.

Nilifumba macho, nikaanza Salamu Maria, na katikati yake nikauachia ukanda.

Kiganja kilichoupokea kilikuwa laini.

Nilipofumbua macho, Ata Nabei alikuwa ameshaitoa leso usoni. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa nayo. Alirekebisha shanga zake, moja baada ya nyingine, kama mwanamke anayejitayarisha kutoka.

"Mama yako alikuwa na mkono baridi," aliniambia. "Hicho nakupa bure."

Akatoka. Nilimwona kupitia mlango wa karakana akivuka soko, mkono mmoja ukutani, mpaka wauza mitumba wakamficha.

Mkusanyaji alikuwa amekwisha kuurudisha ukanda mahali pake na kukaza skrubu. Barnabé alikuwa ameshika nyundo, misumari mdomoni.

"Haya, mama," Mkusanyaji alisema kwa upole uleule. "Ni upi?"

Niliinua mkono wangu juu ya vibonyezo. Nilingoja uongozwe.